Kuvuka bara kwa miguu peke yako: kilo ngapi mgongoni, kilomita ngapi kwa siku

Mkuu, umeuliza begi liwe na kilo ngapi na uanze na kilomita ngapi kwa siku. Nimetembea peke yangu miezi kumi na moja, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Nilianza na kilo 17, maji hayamo. Wiki ya pili nikatandaza hema, nikamwaga kila kitu juu yake na kutenga mafungu mawili: nilivyovitumia na ambavyo sikuvigusa kabisa. Fungu la pili ndilo lilikuwa kubwa. Suruali mbili, jiko, sufuria, kitabu, taa ya akiba, vyote nikagawa. Nikabaki na kilo 8: hema, mfuko wa kulalia, koti la mvua, nguo za kutembelea na za kulalia, soksi jozi tatu, simu, dawa, sindano na uzi. Sikujuta hata siku moja.

Maji ndiyo usiyapunguze. Lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ujanja, na kwenye ukame nimewahi kubeba lita sita. Wengine husukuma kigari cha magurudumu matatu, kama Jean Béliveau wa Kanada, aliyeondoka Montreal Agosti 2000 na kurudi Oktoba 2011 baada ya kilomita 75,000 hivi. Kwenye lami kinakuokoa mgongo. Kwenye mchanga unakivuta wewe.

Sasa miguu, na hapa nakuomba unisikilize sana. Pumzi huzoea upesi, kano huchelewa. Siku ya tatu nilijisikia mzima, nikaunganisha kilomita 41. Siku ya sita kano ya nyuma ya kisigino ikavimba. Nikiweka kidole na kukunja mguu, nasikia inakwaruza kama ngozi kavu. Nililala siku tisa. Anza na 15, wiki mbili nzima, hata kama unajiona unaweza zaidi. Baadaye 25 hadi 30 zitakuja zenyewe.

Viatu viwe vikubwa kwa namba moja, maana nyayo huvimba. Ukihisi joto mahali pamoja kwenye unyayo, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta. Usijiambie utapumzika ukifika kwenye mti ule, lengelenge halikusubiri.

Viza nayo ipigie hesabu kwa mwendo wa mguu. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mgeni hupewa siku zisizozidi 90 ndani ya 180. Kwa kilomita 25 kila siku, bila kupumzika hata mara moja, hizo ni 2,250 tu. Njia yako ichore ukijua hivyo.

Barabarani tembea ukitazamana na magari. Kabla hujaondoka, beba begi hilohilo siku tatu mfululizo, ulale nje, kisha rudi hapa utuambie umetoa nini.