Mgomo wa Makuli, Mombasa 1947

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu alikuwa kuli, mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Kilindini. Bibi huhesabu umri wa wanawe kwa "mwaka wa mgomo", na hukitaja Kiwanja cha Maskini. Shuleni sikufundishwa. Ni mgomo upi huo? — Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Ni ule ulioanza Jumatatu, 13 Januari 1947, ukadumu siku 12. Marehemu baba yangu alikuwemo. Bega lake la kulia lilishuka kwa magunia, halikurudi tena mahali pake.

Makuli wengi walikuwa vibarua. Litazame neno lenyewe: kibarua ni barua ndogo, cheti cha kazi ya siku. Alfajiri unasimama getini, msimamizi anachagua. Usipochaguliwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Kodi ya chumba haingoji meli, na baada ya vita bei za vyakula zilikuwa zimepanda kuliko mishahara. Sasa kibarua akigoma peke yake, nani atamjali? Nyuma yake wamesimama wengine wenye njaa kama yeye.

Ndiyo maana mwaka ule hawakugoma makuli peke yao. Waligoma wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani, wale walioitwa "boi" hadi wakaota mvi. Jumla yao watu wapatao 15,000. Kila siku walikutana kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, nao wakaupa jina hilo alitajalo bibi yako. Hapo ndipo lilipokomaa shirikisho lao la wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi.

Walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuwasihi na kuwaahidi kwamba madai yao yatasikilizwa. Baraza la usuluhishi likaundwa, mishahara ikaongezwa. Lakini Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari. Miaka 10! Hilo huniuma mpaka leo.

Makuli hawakunyamaza. Waligoma tena mwaka 1955, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akawasaidia katika mazungumzo, wakapata nyongeza ya asilimia 33.

Muulize bibi walikula nini nyumbani siku zile 12, na nani aliwakopesha unga. Kisha niandikie.