Kulanti ya injini ya mashindano: maji au glaikoli?

Ndugu, umeuliza kama ujaze kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya kawaida, nusu maji nusu glaikoli, ile kemikali ya kuzuia maji yasigande, au maji matupu. Mimi ningeanza na kanuni za uwanja wako, maana viwanja vingi vinakataza glaikoli: ikimwagika lami inateleza kama sabuni na kuisafisha ni kazi.

Kwa joto lenyewe, maji ndiyo mbeba joto hodari kuliko mchanganyiko wowote wa glaikoli. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali!), kwa sababu maji ya bomba huacha ukoko wa chokaa kwenye rejeta. Ila usiyaweke peke yake. Ongeza dawa ya kuzuia kutu, la sivyo silinda hedi ya aluminiamu italiwa taratibu na sili ya pampu itachoka mapema.

Kuhusu kuchemka, angalia mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa psi 15 (kipimo cha shinikizo unaloweza kuzuia) hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Mfuniko uliolegea huwaumbua wengi wanaolaumu kulanti.

Kwenye baridi ya kugandisha, mwaga maji yote kabla hujaliegesha gari, au rudisha glaikoli.