Krismasi kijijini, naye anaijua njia

SWALI: Niliachana na mume wangu Agosti kwa sababu ya kipigo, sasa naishi Jinja na watoto wawili. Kila Krismasi huenda kwa mama, kijijini Tororo, na mwaka huu ameniomba nisikose. Mume anasema atakuja kuwaletea watoto nguo. Wajomba zake nao wanataka kikao cha kutupatanisha, la sivyo tuwarudishie ng'ombe wao 4. Nifanyeje? – Mama wa Wawili, Jinja

JIBU: Dada, miezi ya kwanza baada ya kuondoka ndiyo ya hatari zaidi, na Desemba hana hata haja ya kukutafuta. Anajua tarehe 24 uko njiani, 25 asubuhi kanisani, mchana kwa mama. Safari si lazima uivunje, vunja ratiba. Nenda tarehe 18, au baada ya Mwaka Mpya. Safiri asubuhi, shuka kabla ya kituo ulichozoea, upokewe na ndugu mmoja. Mama usimtajie siku: hatakusaliti, ila furaha itamtuma kwa jirani.

Laini yako ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, anaweza kuirudisha kama iliyopotea, na ujumbe na pesa za mobaili mani zikahamia kwake. Sajili nyingine kwa kitambulisho chako. Kwenye WhatsApp fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe usichokijua. Google Maps nayo: hakikisha hakuna anayeonyeshwa ulipo. Kisha kuna shangazi anayeweka picha ya matoke kwenye status kabla hayajapoa, aiweke ukishaondoka. Ripoti za shule ziache Jinja, maana zina jina la shule. Bibi atataka kuziona. Msomee alama kwa mdomo.

Nguo aziache mchana kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au dawati la familia na watoto polisi, wewe usiwepo. Watoto wasibebe ujumbe.

Kikao hulazimiki kuhudhuria. Kwa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya Uganda ya 2010, korti ya LC inaweza kumwonya na kumtoza faini, lakini amri ya ulinzi hutoka kwa hakimu. Iombe sasa, kabla maofisa hawajaenda likizo. Toa nakala 3: moja yako, moja ya LC1 wa kijijini, moja ya kituo cha polisi cha huko. Ikibaki kabatini Jinja, askari wa zamu tarehe 26 ataijuaje? Na hao ng'ombe: Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Kesi ilifunguliwa na Mifumi, shirika lililoanzia hapo hapo Tororo, kwa hiyo wajomba wasijifanye hawajasikia.

Usiku weka karibu na kitanda mfuko wenye vitambulisho, nauli ya noti ndogo na katochi yenye chaji. Polisi ni 999, simu ya msaada ya Sauti ni 116, zote bure. Akija amelewa usitoke kumtuliza.

Shida ni kwamba Krismasi hakuna anayemfungia mgeni mlango. Wenyeji wako wafundishe sentensi moja, waizoee mapema: "Hayupo, zawadi ipeleke kwa mwenyekiti."