Common hakupotea, mistari yake ndiyo iliyofunikwa

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mwanarap akiacha mtindo uliompa jina akajaribu kitu kigeni, mashabiki wakagawanyika, nani mwenye haki? Mimi nasema shabiki ana haki ya kukataa, ila hana haki ya kubuni sababu. Nitaelezea kwa albamu ambayo mpaka leo inatugawa kijiweni kwetu hapa Nyegezi, Mwanza: Electric Circus ya Common, mwanarap wa Marekani.

Ilitoka Desemba 2002. Iliyoitangulia, Like Water for Chocolate ya mwaka 2000, ilikuwa imepata tuzo ya dhahabu ya mauzo Marekani, na watu walisubiri mwendelezo wake. Common akarudi Electric Lady, ile studio ya New York aliyoianzisha mpiga gitaa Jimi Hendrix, na watu karibu walewale: Questlove kwenye ngoma, James Poyser kwenye kinanda, J Dilla kwenye biti. Safari hii wakachanganya soul, rap, gitaa la roki na sauti za mashine. Prince yumo. Mary J. Blige yumo. Wimbo wa mwisho unapita dakika kumi, waimbaji wanapokezana kueleza pepo ya kila mmoja. Wapo wahakiki waliousifu ujasiri huo, wapo waliosema amezidisha. Mauzo yakashuka.

Ndipo lawama zikamwangukia mwimbaji Erykah Badu, aliyekuwa mpenzi wake wakati huo. Eti mwanamke amembadilisha, mpaka nguo. Hilo linaniudhi hadi sasa, na bado nalisikia kijiweni kutoka kwa vijana waliozaliwa baada ya albamu yenyewe. Mwanamume akitengeneza kitu ambacho hatukielewi, kwa nini atafutwe mwanamke wa kubeba mzigo? Ngoma zimepigwa na Questlove. Biti ngumu kuliko zote ni za J Dilla. Hao mbona hawalaumiwi?

Lakini malalamiko mengine ni ya haki kabisa. Kijiwe chetu ni banda la kinyozi, spika kubwa iko juu ya kioo. Siku moja niliweka wimbo wa kumuenzi Hendrix, ule anaoimba na Badu mwenyewe. Besi inatikisa chupa ya spiriti mezani, gitaa linalia, maneno yanarudiwa yaleyale. Dereva wa bodaboda, nusu ya kichwa imeshanyolewa, akauliza, "Kaka, vesi inaanza saa ngapi?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ameuliza jambo la msingi. Huku kwetu rap ni mistari. Mwanza ni jiji lililomtoa mwanarap Fid Q. Tumezoea kubishana juu ya mstari mmoja wiki nzima. Ukiyafunika maneno kwa sauti, umemnyima msikilizaji wa Mwanza kitu alichokuja kukifuata. Aliyekuja mwaloni, soko la samaki, kununua sato ukampa sangara, hata akiwa mnono namna gani, atakuuliza.

Ninachowapinga ni wale wanaosema albamu nzima iko hivyo. Kuna wimbo anaoshirikiana na mwimbaji Cee-Lo, Between Me, You & Liberation. Biti imepoa, sauti iko mbele, Common anasimulia habari nzito za watu wake wa karibu, akiwemo shangazi anayekufa kwa saratani. Fundi simu wetu, Kiingereza kinampanda, akawa anautafsiri vesi kwa vesi, na yule yule dereva akaomba urudiwe. Mtu aliyepotea haandiki hivyo.

Tena albamu ilikosa wa kuisukuma. MCA, kampuni iliyoitoa, ilivunjwa mwaka 2003 na kumezwa na kampuni nyingine, Geffen. Mwaka 2005 Common akatoa Be, nyingi ya biti zake zikiwa za Kanye West, na watu wakashangilia kwamba amerudi. Nami naipenda Be. Inaingia masikioni bila kubisha hodi. Ila sijawahi kuona watu wakisimamisha kazi kubishana juu yake.

Kwa hiyo, wahakiki wenu wakiandika albamu ya namna hii, watuambie wazi: maneno yanasikika? Nyimbo zinachukua muda gani kabla hazijafika mahali? Ukisema tu "ni ya kipekee" hujamsaidia anayetoa bando lake kuipakua. Na anayetaka kujaribu Electric Circus asianze wimbo wa kwanza. Aanze na huo wa Cee-Lo, halafu ule wa Mary J. Blige, kwa spika yenye besi ya kweli, maana kwa spika ya simu nusu ya kazi ya Dilla haisikiki kabisa.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza