Usikimbilie kunyoosha vidole

Ninyi mnaoanza kazi na watu walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, jambo la kwanza litakalowavuta ni vidole vilivyojikunja. Ndugu wa mgonjwa wamesimama pembeni wanakutazama, nawe unaona haya kukaa bure, basi unavishika na kuvinyoosha. Subiri kwanza.

Mtu ambaye nguvu zake zimeishia C6, yaani ngazi ya sita ya uti wa mgongo shingoni, hana msuli wa kukunja vidole, ila anao wa kuinua kifundo cha mkono. Akikiinua, kano zinavutika na vidole vinajifunga vyenyewe, akikilegeza, vinafunguka. Huo ndio mshiko wake, na unafanya kazi kwa sababu kano zimebaki fupi kidogo. Ukinyoosha vidole huku kifundo kimeinuliwa, kila siku, utamwachia mkono laini usioshika kitu. Viungo visiachwe vigande, bila shaka. Ila vidole vikinyooshwa, kifundo kilale. Kifundo kikiinuliwa, vidole vikunjwe. Ni vivyo hivyo anapojiegemeza kitandani kwa viganja: vidole vikunjwe. Waelezeni wauguzi na ndugu pia, maana wao ndio wanaoshinda naye.

Mwenye C5 ana kazi yake nyingine. Msuli wa kukunja kiwiko upo, wa kukinyoosha haupo, kwa hiyo kiwiko kinavutwa upande mmoja tu, na kiganja nacho kinageukia juu. Hapo kunyoosha hakuna mjadala.

Hata hivyo msiiamini herufi na namba iliyoandikwa kwenye faili. Pimeni nguvu za kila msuli, 0 (haujibu kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), kulia peke yake na kushoto peke yake. Ni kawaida mkono mmoja kuwa na nguvu kuliko mwenzake, na mpango wa mikono miwili ukiwa mmoja, ujue kuna mkono uliosahauliwa.

Kisha muulizeni anataka nini. Jibu la kwanza huwa "kutembea". Msibishane naye. Muulizeni asubuhi ya leo ni jambo gani lilimkera kusubiri afanyiwe. Mmoja atataja simu, mwingine kujiwekea mpira wa mkojo. Wa simu anahitaji kidole gumba kibane ubavuni mwa kidole cha shahada. Wa mpira anahitaji mikono miwili na kiwiliwili kisichoyumba akikaa. Basi mazoezi yafanywe kwa simu yenyewe na mpira wenyewe. Vile vikoni vya plastiki tunavyopanga mezani havimngoji mtu yeyote nyumbani.

Habari za upasuaji wa kuurudishia mkono kazi msizicheleweshe. Kuhamisha kano, yaani msuli ulio hai kupewa kazi ya uliopooza, kunawezekana hata miaka mingi baadaye, lakini kuhamisha neva, yaani neva iliyo hai kuunganishwa na ya msuli uliopooza, mara nyingi kunataka kuamuliwa ndani ya miezi ya mwanzo, kwa kuwa msuli uliopoteza neva yake hunyauka. Akikataa, ni haki yake, mradi akatae akiwa anajua.

Na mkiwa katikati ya mazoezi, kichwa kikamgonga ghafla, uso ukamwiva na jasho likamtoka, acheni kila kitu. Kwa aliyeumia T6 (ngazi ya sita ya uti wa mgongo kifuani) au juu yake, hiyo inaweza kuwa shinikizo la damu linalopanda kwa kasi. Mketisheni wima, miguu iwe chini, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, pimeni shinikizo kila baada ya dakika chache, na daktari aitwe mara moja.