Land Cruiser ya kambi iliyolala miaka 3: anza hivi

Pole ndugu, umeuliza uanzie wapi. Land Cruiser ya kulala porini, injini ya 1HZ (ya dizeli, ya Toyota), iliyosimama miaka 3 bila sevisi, usiipige stata kwanza. Mwaga dizeli ya zamani, halafu fungua koki ya chini ya filta ya dizeli. Mimi ya kwangu ilitoa maji ya kahawia nusu kikombe.

Kisha taimingi belti, yaani mkanda unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu. Kama hujui ilibadilishwa lini, weka mpya pamoja na beringi yake. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu. Nakuomba usiahirishe hilo.

Oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki, badilisha yote. Tairi, hata kama hazijawa kipara, soma tarakimu 4 ubavuni: 2314 ni wiki ya 23, mwaka 2014. Hizo ni za zamani, toa.