Mdogo wako aliye jeshini: mpigie leo

Pole sana dada. Unasema mdogo wako, askari wa Marekani aliyeko Texas, huandika "mnisamehe wote" kwenye stetasi usiku wa manane na kufuta kabla hakujakucha, na mashangazi wanamjibu kwa emoji za maombi. Usingoje aandike tena.

Mpigie mkiwa wawili tu, si kwenye grupu la familia. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Najua ulimi utakuwa mzito, lakini kumuuliza hakumpandikizi wazo hilo, mara nyingi kunamtua mzigo. Akikubali, usimhubirie, wala usimkumbushe ada anazowalipia wadogo zenu. Msikilize. Kisha muulize kama ana bunduki nyumbani. Wanajeshi wengi wa Marekani wanaojiua hutumia bunduki, kwa hiyo rafiki anayemwamini amtunzie kwa sasa, hata kama atanung'unika.

Tangu Julai 2022 namba ya msaada kule ni 988, kisha abonyeze 1, ndiyo laini ya wanajeshi. Wanapokea saa 24. Akihofia cheo chake, aende kwa kasisi wa kikosi. Anayoambiwa faraghani hayapeleki kwa kamanda.

Akikwambia ana mpango, au simu ikiita bila kupokelewa, tafuta mwenzake aliye karibu aende kugonga mlango na apige 911, namba ya dharura ya kule. Stetasi zile zipige picha kabla hajazifuta, daktari aone saa na maneno yenyewe. Na mashangazi waambie waache emoji, wampigie kwa zamu.